Kabla Jiwe Halijakatwa: Maneno kwa Mafundi na Wenye Nyumba wa Tanga

Haya ni maneno niliyoyasema juu ya kingo za kaunta za jikoni na ufungaji wa sinki, kwenye mkutano wa mafundi na wenye nyumba, Ngamiani, hapa Tanga. Waliokosa kufika wameniomba niyaweke yote, nami nayaweka kama yalivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Mafundi wenzangu, poleni na kazi. Mama zangu na dada zangu mlioacha shughuli zenu mkaja, ahsanteni sana, na nawaomba msikae huko nyuma. Njooni mbele. Leo tunazungumza juu ya mahali mnaposimama asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo ninyi ndio wenyewe.

Nimepewa kuzungumzia kingo za kaunta za jikoni na ufungaji wa sinki. Ninalo neno moja tu, na nitalirudia mpaka likae: ukingo na sinki huamuliwa kabla jiwe halijakatwa, na anayeamua ni yule atakayepika. Kabla! Siyo siku ambayo jiwe limeshalazwa juu ya makabati, fundi ameshika grinda, mwenye nyumba yuko kazini, na anapigiwa simu kuulizwa, "Bosi, tundu tulitoboe wapi?" Maji yakishamwagika hayazoleki, na jiwe likishakatwa halirudi.

Nawauliza. Nani hapa alipokwenda kuchagua kaunta alianza na rangi? Inueni mikono msione haya. Haya, karibu nyote. Nani alikwenda akiwa amebeba vipimo vya sufuria yake kubwa ya pilau? Naona mkono mmoja. Mama, Mungu akubariki, nitakurudia baadaye.

Tuanze na ukingo. Ukingo ndio unaoguswa kuliko sehemu yoyote ya kaunta. Mpishi anauegemea, sufuria inaugonga, maji yanateremkia hapo, na mtoto anapita chini yake. Kaunta nyingi zina kimo cha sentimita 85 hadi 90. Mtoto wa miaka miwili ana kimo gani? Ni hicho hicho. Akifika miaka mitatu, ukingo unakuwa usawa wa macho yake. Mtoto wa miaka mitatu hatembei, jamani, anakimbia.

Kuna nyumba moja Makorora, kaunta yake imetokeza kwenye njia ya kwenda uani. Kona ilikatwa kali kabisa, ikang'arishwa, ukiitazama inapendeza. Mjukuu akaingia mbio kutoka uani, akaipiga kona ile kwa paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Akashonwa. Bibi yake hakusubiri fundi. Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli, akaukata, akaifunga kona ile kwa mpira na kamba ya katani. Mpaka leo granaiti ile ya gharama imefungwa mpira wa baiskeli, na mimi nasema bibi yule amefanya sawa. Aliyekosea ni aliyeiacha kona kali kwenye njia ya watoto.

Kwa hiyo kona yoyote inayotazama njia ikatwe mviringo. Chukua kikombe cha kahawa, kile kidogo cha mzee wa baraza, kiweke konani juu ya karatasi ya vipimo, chora kwa penseli. Mpe fundi karatasi hiyo. Kazi hii ni ya dakika chache jiwe likiwa bado kiwandani, na ni ya taabu kubwa likiwa limeshawekwa.

Sasa umbo la ukingo wenyewe. Ukienda kwenye maduka ya mawe utaonyeshwa aina nyingi: mraba uliolainishwa kona, nusu duara kwa juu, duara kamili juu na chini, mshazari, mawimbi, na ule wa kuunganisha vipande viwili ili jiwe lionekane nene. Utavutiwa na mawimbi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini jiulize, unga wa ngano utakapoingia kwenye yale mabonde ya mawimbi, ukachanganyika na mafuta, nani ataufukua? Dada wa kazi kwa kucha? Mswaki kila Jumamosi?

Mimi jikoni kwa watu wa pwani napendekeza moja kati ya mbili. Ama mraba uliolainishwa kona zake kwa milimita 3 hivi, ama nusu duara kwa juu huku chini pakibaki mraba. Sababu yangu ni maji. Maji hayadondoki kwa sababu umetaka yadondoke. Hushikamana na jiwe na kulifuata. Ukingo wa duara kamili huyachukua maji kutoka juu, ukayapitisha mbele, ukayazungusha mpaka chini, na yakifika chini hayana pa kwenda ila kwenye mlango wa kabati. Ukingo wenye kona kwa chini huyakata, yanaanguka sakafuni, unapiga deki, yamekwisha. Na mkali kabisa usiolainishwa nao ni mbaya, kwa sababu mchi wa kinu au kitako cha sufuria kikiugusa, kipande kinaruka.

Lipo jambo la kuongeza ambalo mafundi wengi hawalifanyi kwa sababu hawajaombwa. Waombeni. Chini ya ukingo, kama sentimita 1 na nusu kutoka mbele, fundi apitishe diski ya grinda aache kijifereji chembamba cha milimita 3 au 4 kwenda chini, kaunta nzima. Maji yakijaribu kutambaa chini ya jiwe yanafika kwenye kijifereji, yanashindwa kuvuka, yanadondoka. Waashi mnaijua kazi hii, mnaifanya chini ya vizingiti vya madirisha ili mvua isirudi ukutani. Basi ileteni jikoni. Na jiwe lenyewe litokeze mbele ya mlango wa kabati kwa sentimita 2 au 3. Likilingana na mlango, hata kijifereji hakina kazi.

Wangapi mmeona makabati ya mbao za kubandikwa yakivimba chini ya sinki, yakatoka maganda, mlango ukagoma kufunga? Fundi seremala analaumiwa. Mara nyingi seremala hana kosa. Makabati yalimalizwa na maji ya ukingo.

Wengi wetu hapa hatuna kaunta ya granaiti. Tuna zege lililowekwa tailizi, na nataka tukae hapa kidogo, maana hawa ndio walio wengi na ndio wanaosahaulika mkutano ukiitwa wa kaunta. Kaunta ya zege na tailizi ni kaunta nzuri kabisa. Inabeba kinu, inabeba mtu, haivimbi. Udhaifu wake uko sehemu mbili: ukingo, na mistari katikati ya tailizi.

Ukingoni, tailizi iliyokatwa ikaachwa wazi ni kisu. Ile gamba ya kung'aa kwa juu ni ya kioo, na ikikatwa huacha meno. Nimeona vidole vya kina mama vilivyochanika kwa kufuta kaunta tu, kazi ya kila siku, na kitambaa kina damu. Vipo vipande vyembamba vya alumini au plastiki vya kumalizia kona za tailizi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi yote. Chukua cha plastiki kizuri, au cha alumini iliyopakwa, kwa sababu upepo wetu wa bahari una chumvi na chuma cha ovyo kitaota kutu mbele ya macho yako. Fundi akikuambia atakutanisha tailizi mbili kwa kuzikata mshazari, zionekane kama jiwe moja, mwulize kwanza: hapo pakigongwa na sufuria, itakuwaje? Mshazari ule huacha ncha nyembamba kama karatasi. Ukutani utadumu. Kwenye ukingo wa kaunta utabanduka.

Na mistari. Saruji ya kujazia mistari hunywa. Hunywa mafuta, hunywa binzari, hunywa maji ya samaki. Ukiweza, karibu na sinki weka ile ya epoksi, yaani ya gundi ngumu ya kuchanganywa, ambayo hainywi. Huwezi? Basi chagua tailizi kubwa ili mistari iwe michache, na mistari iwe myembamba. Tena kwenye zege unayo nafasi ambayo mwenye granaiti hana: mwambie mwashi aunyanyue ukingo wa mbele milimita chache, na sehemu ya kuanikia vyombo aipe mteremko mdogo kuelekea sinki. Maji yatarudi nyumbani kwao.

Sasa tuje kwenye jiwe. Hapa Tanga tuna mwalimu ambaye watalii wanamlipia kiingilio, nasi tunampita kwenye daladala. Mapango ya Amboni. Nani aliyachimba mapango yale? Maji. Mvua huchukua hewa ya kaboni kutoka angani na kutoka kwenye udongo, inakuwa na uchachu kidogo sana, usioweza hata kuuonja. Uchachu ule mdogo, kwa miaka mingi isiyohesabika, umelila jiwe la chokaa mpaka limekuwa kumbi ambazo watu wanaingia na tochi.

Marumaru ya jiwe la asili, nasemea jiwe lenyewe, siyo tailizi, ni ndugu wa jiwe lile lile la chokaa. Sasa maji ya mvua yamefanya vile, ndimu je? Siki je? Ukwaju? Achari iliyomwagika usiku ikafutwa asubuhi? Ile marumaru nyeupe uliyoiona kwenye simu, kwenye jikoni la watu wasiokamua ndimu, itakuwa na madoa yaliyofifia ndani ya wiki ya kwanza. Hayo siyo uchafu, hayasuguliki. Ni jiwe limeliwa. Tarazo nayo, kwa kuwa imeshikwa na saruji, huathirika hivyo hivyo.

Granaiti haiogopi ndimu. Lakini siyo kila kinachoitwa granaiti dukani ni granaiti. Kwa hiyo nendeni dukani na ndimu mfukoni. Omba kipande cha jiwe lile lile, siyo kinachofanana nalo. Kamua tone, subiri kama robo saa, futa, tazama kwa ubavu kwenye mwanga. Palipodondoka pakiwa pamefifia, rudisha jiwe. Halafu weka tone la maji mahali pengine, subiri muda huo huo. Jiwe likibadilika rangi likawa jeusi, maana yake linanyonya, na litanyonya mafuta ya nazi vile vile. Usilikatae, ila lipakwe dawa ya kuzibia kabla ya kutumika, na lirudiwe kila linapoanza kunyonya tena. Muuzaji akichukia ukimtolea ndimu, ujue umeshapata jibu.

Yale mawe ya kutengenezwa kiwandani, ya kwazi (dukani huitwa quartz) iliyosagwa na kushikwa kwa gundi, hayanyonyi na hayaogopi ndimu, lakini gundi ile inaogopa moto. Sufuria iliyotoka kwenye jiko la mkaa usiiweke juu yake bila kibao.

Ndugu zangu mafundi, sasa nawageukia ninyi. Tundu la sinki.

Kitambaa cha kanga ukikitia mkasi kidogo pembeni, kinachanika chote kwa mkono mmoja. Kisipotiwa mkasi, utavuta mpaka uchoke. Ndivyo jiwe lilivyo. Kona ya ndani ya tundu ikikatwa mraba, na diski ikapitiliza hata kidogo, umeshalitia mkasi. Hutaona kitu siku hiyo. Utalibeba, utaliweka, utalipwa. Ufa utakuja mama atakapoweka sufuria ya maji, au makabati yatakapotulia, na utaanzia pale pale kwenye kona, ukimbilie mbele mpaka kwenye ukingo.

Nilishuhudia nyumba moja upande wa Kange. Jiwe jeusi, zuri, urefu wa karibu mita tatu, kipande kimoja. Fundi alilikata tundu kwa grinda, kona nne za mraba, akaacha mbele ya sinki ukanda wa vidole viwili tu ili sinki liwe karibu na mpishi. Vijana wanne wakalibeba likiwa limelala kama meza. Hawakufika mlangoni. Lililia mara moja tu, likakatika pale kwenye ukanda. Mwenye nyumba alikuwa amesimama na soda za kuwapa. Na hakukuwa na jiwe jingine la rangi ile dukani.

Fanyeni hivi. Kwanza toboa kona nne kwa biti ya duara, ndipo ukate kutoka tundu hadi tundu; kona zitakuwa za mviringo na diski haina sababu ya kupitiliza. Mbele na nyuma ya sinki acha sentimita 5 kamili za jiwe au zaidi. Kubebwa, jiwe libebwe limesimama kwa ubavu, halilazwi. Mita moja ya mraba ya granaiti yenye unene wa sentimita 2 ina uzito wa zaidi ya kilo 50. Uzito huo wote utauegemea ukanda wa mbele ya sinki mkililaza.

Na ule ukanda utiwe nguvu kwa chini, kwa fito iliyozamishwa kwenye mfereji na kufunikwa epoksi. Lakini fito gani? Hapa ndipo pwani inapotudai akili. Tazameni juu kwenye vibaraza vya nyumba za zamani za mji wetu, pale zege lilipomeguka na nondo ikaonekana nyekundu. Nondo haikuvunjwa na mtu. Iliota kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma, ikalipasua zege kutoka ndani. Kipande cha nondo ya kawaida chini ya jiwe la jikoni, karibu na maji na upepo wa chumvi, kitalipasua jiwe vile vile. Tumieni fito ya stenlesi au ya nyuzi za kioo. Mwenye nyumba akilalamikia bei, mpelekeni barazani mkamwonyeshe.

Kabla sijaacha tundu. Vijana, nawasihi. Ninaposema kukata, nasema kukata kwa maji. Nawaona mnakata jiwe kavu ndani ya jikoni, madirisha yamefungwa, mmejifunga tisheti puani. Vumbi la granaiti lina silika, madini ya ndani ya jiwe, chembe ndogo mno zisizoonekana, zinaingia mpaka mwisho wa mapafu na hazitoki. Zinaacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna tiba. Mtu anapungua pumzi, anadhaniwa ana kifua kikuu, na kweli silikosisi humweka karibu zaidi na kifua kikuu. Mawe ya kwazi ya kiwandani ni hatari zaidi, kwa kuwa mengi yake yana silika zaidi ya asilimia 90. Australia waliona vijana wao wakiharibika mapafu, wakapiga marufuku mawe hayo tangu tarehe 1 Julai 2024. Sisi bado tunayakata na tisheti puani!

Kwa hiyo: maji kwenye diski, kata nje, vaa barakoa maalumu ya vumbi, ya kitambaa haitoshi. Usipige vumbi kwa ufagio mkavu. Usirudi nyumbani na nguo hizo ukambebe mtoto. Mama mwenye nyumba, na wewe una sehemu yako: ukimkuta kijana anakata kavu jikoni kwako, msimamishe, mpe ndoo ya maji. Ni mtoto wa mtu.

Haya, sinki. Mama uliyeinua mkono, simama kidogo watu wakuone. Huyu ndiye aliyepima sufuria. Wengine mlinunua sinki la matundu mawili madogo kwa sababu mlioneshwa matundu mawili ni ya kisasa. Siku ya maulidi, siku ya hitima, siku ya kipaimara, sufuria ya pilau mnaioshea wapi? Uani, kwenye ndoo, mmechuchumaa, na sinki la kisasa liko ndani linatazama. Chagueni kufuatana na sufuria. Tundu moja kubwa linaloimeza sufuria ni bora kuliko mawili yanayoikataa. Na bomba la maji liwe na kimo cha sufuria hiyo kuingia chini yake.

Kimo cha kaunta je? Mpishi asimame wima, akunje mkono, apime kutoka kiwiko kushuka sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo kaunta yake. Kumbukeni kitako cha sinki kiko chini zaidi, sentimita 18 au 20. Mama mrefu aliyewekewa kaunta fupi na sinki la kina, mgongo wake ndio unaolipa, kila siku, kwa miaka.

Sinki la kuweka juu au la kufunga chini ya jiwe? Kwa zege na tailizi, weka la juu, usisumbuke. Kwa granaiti, la chini linapendeza na linafutika: makombo unayasukuma moja kwa moja ndani. Ila lina masharti. Ukingo wa tundu utaonekana, kwa hiyo ung'arishwe na kulainishwa kama ukingo wa mbele. Jiwe na sinki vilingane, au sinki litokeze milimita 2 au 3. Jiwe likilifunika sinki, pale chini panakuwa pango la ute mweusi usiouona ila unaunusa. Na sinki lisining'inie kwa silikoni, ile gundi laini ya kuzibia, peke yake. Sinki la sentimita 40 kwa 34, kina 20, likijaa lina lita 27, ndiyo kilo 27, kabla hujatia chombo. Liwe na vishikio vya chuma kisichoota kutu, au fremu ya mbao ngumu chini yake.

Silikoni yenyewe, inuse. Ile inayonuka siki kali usiiweke kwenye marumaru, kwa maana hiyo ni siki kweli. Nunua isiyo na asidi. Kisha iache siku nzima, saa 24, bila maji. Siku nzima, hata kama wageni wanakuja.

Stenlesi nazo zina vyeo. Iulize namba 304. Ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na ndiyo inayoivumilia Tanga. Namba 201 ina nikeli kidogo, na kwa nyumba za karibu na bahari, Raskazone na Sahare, itatoa madoadoa ya kutu. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha hizi mbili, zote hazivutwi sana. Itakusaidia kuikamata namba 430, ile inayoishika sumaku kwa nguvu. Kwa hiyo tafuteni namba iliyopigwa muhuri, na duka linaloandika namba hiyo kwenye risiti. Unene milimita 1 au zaidi. Na jiki isilazwe ndani ya sinki usiku kucha, klorini inalila hata lile zuri.

Mwisho bomba, na hapa nitakwenda haraka, ila kwa jambo moja. Chini ya sinki lazima pawe na trepu, lile bomba lililopinda linalobaki na maji. Maji yale ndiyo mlango unaozuia harufu na mende. Kutoka hapo bomba liende na mteremko wa karibu sentimita 2 na nusu kwa kila mita mpaka kwenye chemba, na pembeni liwe na mdomo wa kufungulia.

Jambo lenyewe ni machicha. Sisi ni watu wa nazi. Nimefungua mabomba jikoni Chumbageni, Duga, Mikanjuni, na kinachotoka ni kile kile: kipande cheupe, kigumu kiasi, kimechukua umbo la bomba, ukikikata ndani unaona nyuzi za machicha zimeshikwa na mafuta, na magamba ya samaki yamo humo yanang'aa. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzijoto 24. Mwezi wa saba usiku, ndani ya bomba lililozikwa ardhini, mafuta yanaweza kupoa mpaka hapo yakaganda, na machicha yanayapa nyuzi za kushikia. Chujio dogo la kwenye tundu la sinki ni la bei ya chakula cha mchana. Liwekeni. Machicha yapewe kuku. Mafuta yafutwe kwa karatasi kabla sufuria haijaingia majini.

Na kukabidhiwa kazi, mama, usikabidhiwe kwa maneno. Ziba sinki, lijaze mpaka juu, liache nusu saa. Chukua karatasi kavu ya chooni, pitisha chini ya kila kiungo, mzunguko wote wa silikoni, pande zote za trepu. Kisha fungua maji yote yatoke kwa pamoja, upitishe karatasi tena, kwa sababu kiungo kisichovuja kikiwa na maji kidogo kinaweza kuvuja maji yakienda kwa nguvu. Mwaga kikombe cha maji ukingoni, piga magoti, utazame yanadondokea wapi. Pitisha kiganja chako taratibu ukingo mzima, juu na chini, na ndani ya tundu. Kikikwaruzwa popote, fundi apige msasa hapo hapo, ukiwa umesimama naye, na fedha ya mwisho ikiwa bado mkononi mwako.

Nimemaliza. Vipande vya mawe na kingo za kila aina viko pale mezani, na ndimu zipo. Njooni mshike, kisha tuanze maswali, na wa kwanza awe mama wa sufuria.